Sigma Mbili Zimehamia Ngudu

Msomaji mwenzangu, kama nawe una familia na unapenda kitu ambacho hakiliwi, hakivaliwi wala hakilipi ada ya shule, sogeza kiti. Haya ninayokusimulia huenda yamekwisha kukuta, au yako njiani.

Sisi tunakaa Kisesa, Mwanza, ukishaipita Igoma kwa barabara ya Musoma. Mimi nakusanya prosesa za kompyuta za zamani. Sikusanyi kompyuta nzima. Kompyuta inataka meza, meza inataka chumba, na vyumba vyetu vyote vina watu. Nakusanya kile kipande kimoja cha mraba kinachofanya hesabu zote za mashine, na katika kipande hicho ninachokifuata hasa ni maandishi ya mgongoni. Chukua prosesa mbili za aina moja na kasi moja. Mchuuzi atakuapia kwamba ni kitu kilekile. Mimi nitazigeuza kwenye mwanga nikwambie: hii namba yake ya kundi inaanza na L, maana yake imeunganishwa Malaysia. Tarakimu inayofuata ni mwaka, na mbili za baada yake ni wiki. Ukisoma L328 kwenye 486 ya Intel, umeshika kitu kilichotoka Malaysia wiki ya 28 ya mwaka 1993. Kimevuka bahari, kimefanya kazi katika ofisi za watu, kimechoka, na mwisho kimefika sokoni Mlango Mmoja ndani ya kiroba, kimechanganyika na chaja za simu na rimoti.

Sasa wajue watu wa nyumba hii.

Mke wangu ni Mama Kulwa. Nikiwa na furaha namwita Mama Trei, kwa sababu anafuga kuku wa mayai na dunia yake imegawanyika katika trei za mayai thelathini thelathini. Kulwa na Doto ni mapacha wetu, wako darasa la nne. Anayewafuata ni Shija, maana kwa Wasukuma mtoto anayezaliwa baada ya mapacha jina lake halina mjadala. Shija ni msafi. Ukimpa ndoo ya maji na sabuni, atakuoshea hata usichomwomba. Mdogo wake Mama Kulwa ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Nyarugusu, Geita. Huyo tunamwita Karati, na jina lenyewe analipenda. Halafu yuko Mayu, mama mkwe wangu wa Ngudu, ambaye hana jina la utani kwa kuwa hajatokea wa kuthubutu kumpa.

Wageni wakiona mkusanyo wangu huuliza mbona sina zile za mwanzo kabisa. Swali zuri. Prosesa ya kwanza kuuzwa madukani, Intel 4004, ilitangazwa Novemba 1971 ikiwa na transista 2,300 tu, na mhandisi wake Federico Faggin alichora herufi za jina lake, F.F., kwenye silikoni yenyewe. Zile za kauri nyeupe wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazigombania. Kisesa hutapata hata moja, na sababu iko kwenye historia yetu wenyewe. Serikali ilikuwa na kompyuta yake Wizara ya Fedha tangu katikati ya miaka ya 60, mashine ya Uingereza iitwayo ICT 1500. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, pamoja na televisheni. Marufuku ile ililegea polepole hadi ikaisha miaka ya 90. Kwa hiyo kiroba cha Mlango Mmoja ukikichimbua hadi chini, unaanzia kwenye 286 na 386 chache, juu yake 486, juu yake Pentium zilizokuja na mtumba wa Ulaya, na juu kabisa Pentium 4 za zile kafe za intaneti zilizofungwa watu waliponunua simu. Namba zilizo mgongoni mwa prosesa zangu zinaisimulia marufuku ya 1974 vizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kushika. Hili naliamini kabisa, na nimelisema mezani mara nyingi, nikajibiwa nisogeze mkono watu wapate kujipakulia ugali.

Basi ninunuapo, nazileta nyumbani na kuzipanga kwenye trei za mayai. Usicheke. 486 ina upana wa sentimita nne na kitu. Ikikaa kwa pembe kwenye shimo la trei, pini zake hazigusi chochote na maandishi yanabaki juu yakisomeka. Trei lile la karatasi iliyopondwa halina hata ule umeme wa msuguano wa plastiki. Sijaona chombo bora zaidi kwa bei ya Kisesa. Tatizo ni moja tu: kila trei lina mwenyewe, na mwenyewe ni Mama Trei.

Katika trei hizo nilikuwa na jozi moja ambayo niliipenda kupita zote. Ngoja nikueleze, maana bila hiyo hutauelewa msiba.

Intel ilipotoa 386 mwaka 1985, ilikuwa na transista 275,000 na uwezo wa kushughulikia namba za biti 32 kwa mkupuo. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi yake, zikipewa kazi ya kuzidisha namba hizo kubwa, katika hali fulani zinatoa jibu la uongo. Ilikuwa 1987. Kampuni haikuzitupa. Iliziweka kwenye kipimo moja moja. Zilizofaulu ziligongwa mgongoni Sigma mbili, ile herufi ya Kigiriki: ΣΣ. Zilizofeli ziliandikwa "16 BIT S/W ONLY", yaani zitumike kwa programu za biti 16 tu, zikauzwa hivyohivyo, kwa kuwa siku zile programu nyingi zilikuwa za biti 16 na mnunuzi hakupungukiwa kitu. Mimi nilikuwa nazo zote mbili. Iliyofeli nilipewa na fundi mmoja wa Nyakato aliyekuwa akihama kibanda. Iliyofaulu niliitoa mwenyewe kirobani, kucha zimejaa vumbi. Ukiziweka kiganjani, moja imeandikwa hadharani kwamba haijui kuzidisha na nyingine ina cheti, na zote zilitoka mkono mmoja. Siku hizi simu ikikosea inarekebishiwa kosa lake usiku umelala. Wakati ule kosa liliandikwa juu ya kitu chenyewe, na limebaki pale.

Nilimwonyesha Mama Kulwa kwa moyo mkunjufu.

"Baba Kulwa," akasema, "mimi kuku asiyetaga nampeleka sokoni. Wewe asiyejua kuzidisha unamtafutia kabati?"

"Hii ni historia, mama."

"Kama ni historia, makumbusho si hayo hapo Bujora? Wapelekee."

Na kweli Bujora tunaitazama kutoka kwetu. Padri David Clement, Mkanada wa Quebec ambaye Wasukuma walimpa jina Fumbuka, alijenga pale makumbusho ya kabila zima: ngao, viti na ngoma za watemi. Watemi hawatawali tangu 1963, na ngoma zao zimetunzwa zikiwa na jina la kila himaya. Nilimwambia mke wangu kwamba hoja yake ndiyo hoja yangu. Akaniambia nikamwagie kuku maji.

Ndipo Mayu akapiga simu kwamba anakuja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mama mkwe akitangaza safari, nyumba inaingia katika hali ya dharura. Mapazia yanafuliwa, kuta zinafutwa, vitu vya baba vinakosa makao. Mbaya zaidi, wiki hiyohiyo Mama Kulwa alipata oda ya mayai ya harusi Igoma. Oda kubwa. Trei zote zilihitajika, na "zote" ya mke wangu haina mipaka. Nilirudi jioni nikakuta trei zangu zimekwenda Igoma na mayai, na prosesa zangu ziko kwenye beseni la kufulia, zimemiminwa kama zilivyo.

Hujui sauti ya 486 ikianguka juu ya 486 nyingine. Kila moja ina pini 168 nyembamba, na zikikutana uso kwa uso zinaingiana zisitake kuachana. Unazitenganisha kwa subira, ukipapasa, halafu kila pini iliyopinda unaivisha ncha ya ile kalamu ya risasi ya kubonyeza, ukiwa umetoa risasi yake, na kuinyoosha polepole. Ukiharakisha inakatika, na ikikatika imekatika. Nilipanga kuifanya kazi hiyo baada ya chakula. Nililiweka beseni chini ya meza na kwenda kunawa.

Shija aliliona beseni. Aliona vitu vyenye vumbi, akakumbuka bibi anakuja, na akafanya alichofunzwa nyumbani mwake. Aliongeza maji. Aliongeza sabuni ya unga. Akaenda jikoni kuchukua stili waya.

Ukitaka kujua historia ya uchapaji wa prosesa, mtazame Shija akisugua. Maandishi yaliyochomwa kwa leza hayakutikisika. Pentium zangu nyingi zilitoka zimetakata na herufi zake zote. Yaliyochapwa kwa wino yaliondoka na povu. Nilipoteza 286 moja ya AMD ambayo naililia hadi leo. Ilikuwa na jina la AMD kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, haki ya Intel ya 1982. Mahasimu wawili juu ya mgongo mmoja! IBM ilipochagua prosesa za Intel kwa kompyuta yake ya 1981, ilidai awepo mtengenezaji wa pili ili isije ikakwama, na mwaka 1982 AMD na Intel wakaandikiana mkataba. Baadaye walifikishana mahakamani, wakagombana miaka, wakaja kupatana 1995. Prosesa ile ilitoka wakati bado wanaelewana, na mstari ule mdogo wa haki ndio uliosema hivyo. Sasa ni kipande cheusi kisicho na neno.

"Baba, hii imetakata kabisa," Shija akanionyesha, uso unang'aa.

Nilimwambia ahsante mwanangu. Ungemwambia nini wewe?

Niliziokoa zilizobaki nikazianika kwenye kirago uani. Katika kuhesabu nikagundua yangu ya "16 BIT S/W ONLY" ipo, maandishi mazima. Sigma mbili hazipo. Nilipekua maji ya beseni, nilipekua mtaro, nilipekua mifuko ya Shija. Hakuna.

Kesho yake Karati akaingia na Mayu. Alikuwa amempitia Ngudu, wakashuka kwenye hiace na kiroba cha michembe, kuku jogoo wawili na mwavuli. Karati alipopita uani akasimama ghafla juu ya kirago.

"Shem," akasema kwa sauti ya chini, "hii njano ni yenyewe?"

Ni yenyewe, na sikumficha. Prosesa za kauri za zama zile pini zake zimepakwa dhahabu, na nyingi zina hata kifuniko cha dhahabu upande wa chini, kwa sababu dhahabu haipati kutu na umeme unapita bila kusita. Pentium Pro ya 1995, yenye vipande viwili vya silikoni ndani ya kasha moja, ndiyo wanayoiwinda zaidi wayeyushaji duniani. Lakini ni mpako, mwembamba mno. Dhahabu ya prosesa moja ni sehemu ndogo ya gramu, na kuitoa kunataka tindikali kali inayotoa moshi wa kuua mapafu. Wakusanyaji wote wana adui mmoja, naye si kutu. Ni mwenye ndoo ya tindikali. Kila mwaka maelfu ya prosesa zinazeyuka pamoja na maandishi yake, na anayeyeyusha hajasoma hata moja.

Karati alinisikiliza kwa heshima, kisha akaanza kuzungumzia zebaki, karasha na marudio, na kwamba Mwanza sasa ina kiwanda chake cha kusafisha dhahabu tangu Juni 2021, basi soko lipo hapahapa. Ni kijana mzuri. Ametusaidia ada mara nyingi. Lakini jioni ile nililala na beseni chini ya kitanda, upande wangu.

Hata hivyo moja ilinitoka, na nilijua asubuhi ya pili, wakati wa chai. Mapacha walikuwa wameoka biskuti kwa sufuria, mkaa juu na mkaa chini, kwa heshima ya bibi yao. Nikachukua moja. Juu yake kulikuwa na nukta, zimepangwa kwa mraba, katikati wazi. Nikahesabu upande mmoja: nukta 17. Mistari mitatu kuzunguka. Kumi na saba mara kumi na saba, toa kumi na moja mara kumi na moja ya katikati, unabaki na 168.

"Doto," nikasema, "486 iko wapi?"

Doto alibaki mdomo wazi. Mpaka leo hajui nilijuaje. Kama ingekuwa 386 ningehesabu 14 kwa upande, jumla 132, na moyo ungenilipuka kwa matumaini. Mama Kulwa alipoelewa kilichogongwa kwenye unga ule, alikusanya biskuti zote bila kusema neno. Mashine zilimotoka prosesa hizi zina risasi kwenye viungo vyake na vumbi la miaka, na katika hilo mimi na yeye tulikuwa kitu kimoja. Hata kuku hawakupewa.

Ili kutuliza hali nilianza kuwasimulia habari ya Pentium. Mwaka 1994 profesa wa hesabu wa Virginia, Thomas Nicely, aligundua kwamba Pentium za mwanzo zinakosea kugawanya namba fulani. Ukichukua 4,195,835, ukaigawa kwa 3,145,727, kisha ukazidisha jibu kwa 3,145,727 ileile na kulitoa kwenye namba ya kwanza, inapaswa upate sifuri. Prosesa zile zinakupa 256. Intel ilikubali kubadilishia kila aliyetaka, na gharama yake iliandikwa dola milioni 475. Kutokana na hayo, namba ndogo zinazoanza na SX mgongoni zikawa muhimu: nazo ndizo zinazokwambia Pentium hii ni ya kabla ya marekebisho au ya baada yake. Ninayo ya kabla. Nikaipitisha mezani.

Kulwa alikuwa amekwisha kuchukua simu ya mama yake.

"Baba, mbona sifuri?"

"Simu ni mpya, mwanangu. Inayokosea ni hii."

"Tuione ikikosea."

Madabodi ya kuiwashia sina. Mama Kulwa alichukua simu yake, akaifuta, akasema anashukuru kujua kwamba simu yake ya mkopo ina akili kuliko dhahabu ya mumewe. Karati alicheka hadi akatoka nje. Hata hivyo, wapo wanaofaidika: Kulwa ameijua Costa Rica kwa kuisoma mgongoni mwa Pentium 4, kwa kuwa Intel ilikuwa ikiunganisha huko tangu 1998, na mwalimu wake alipouliza darasani nani anaijua nchi yoyote ya Amerika ya Kati, mkono wa mtoto wa Kisesa ulikuwa juu.

Mayu wakati wote huo alikuwa kimya. Baada ya chai akaomba kigoda, akakaa chini ya mwembe kando ya kirago changu, akaanza kuzishika prosesa moja moja. Nilisogea kwa adabu, si karibu sana, maana huyo ni mkwe.

Mayu hasomi Kiingereza. Lakini marehemu baba mkwe alikuwa na ng'ombe wengi Ngudu, na yeye ndiye aliyekuwa akijua chapa za mazizi yote ya jirani. Mnyama akipotea, watu walimwita aje aangalie paja. Alizitazama prosesa zangu kama apitaye katikati ya kundi mnadani, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amezitenga. 486 zenye mwaka wa haki '89 peke yake upande huu, zenye '89 na '92 upande ule. Hakukosea: mwaka wa pili uliongezwa ilipotoka 486DX2 mwaka 1992, ile inayokwenda kwa kasi maradufu kwa ndani. Aliweka mbali zenye herufi M ndani ya duara, akauliza ile chapa ya duara ni ya nani. Nikamwambia ni alama ya haki ya mchoro wa saketi, kwa sheria ya Marekani ya 1984, ili mwingine asinakili.

"Ndiyo," akasema. "Wezi wapo kila mahali."

Msomaji, katika miaka yote ya mkusanyo huu sijapata mtu wa kuzungumza naye hivyo. Fundi wa Nyakato anajua zinavyofanya kazi, Karati anajua zina nini, lakini kukaa na mtu akatazama alama na kutaka kujua imetoka zizi gani na kwa nini imegongwa, hilo nililipata kwa mama mkwe wangu chini ya mwembe.

Halafu akafungua pindo la kitenge chake na kutoa 386 yenye Sigma mbili.

"Hii niliiona kwenye majani pale mlangoni siku nimefika. Nikasema huyu mtoto na stili waya yake ataimaliza, nikaificha. Hizi chapa mbili ni za nini?"

Nilimweleza yote. Kwamba ndugu zake walikuwa na kosa la kuzidisha. Kwamba ilipimwa, ikaonekana nzima, ndipo ikagongwa. Aliipindua, akaipitisha kidole gumba juu ya ΣΣ, akaitazama tena.

"Kwa hiyo hii imekaguliwa."

"Imekaguliwa, mama."

"Nimeipenda. Nitakwenda nayo."

Kama una mama mkwe, na hasa kama ni wa Kisukuma, huhitaji nikueleze kilichofuata. Mkwe haambiwi hapana. Mama Kulwa alikuwa akinitazama kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kukusanya niliona amenionea huruma. Alijua kilichokuwa kikiondoka. Kumbe siku zote alikuwa akisikiliza.

Sigma mbili zikapanda hiace kwenda Ngudu. Ziko kwenye kabati la vioo la Mayu, kando ya picha ya baba mkwe, na wageni wakija anaitoa na kuwaambia mkwe wake wa Kisesa amempa kitu kilichokaguliwa. Nimekwenda kuiona. Inatunzwa vizuri, haina vumbi, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuigusa. Mwenzake asiyejua kuzidisha yuko kwangu. Mama Kulwa amenipa sanduku la bati la zamani na kipande cha sponji la godoro, ambamo pini zinazama bila kupinda, na amemkataza Shija kulifungua. Trei sipewi tena, na suala hilo limefungwa.

Sasa nina ombi. Ofisi nyingi, shule na parokia za Kanda ya Ziwa bado zina stoo ya mashine mbovu, na mwenye guta anayenunua skrepa kwa kilo anazijua zote. Kabla hazijapanda kwenye mzani wake, omba bisibisi. Fungua kasha, toa kipande cha mraba chenye pini, ukifute kwa kitambaa kikavu tu, usome mgongo wake na kuyaandika maandishi yote kama yalivyo, hata herufi ndogo za pembeni. Yaliyoandikwa pale hayako mahali pengine popote nchini. Kitunze wewe, au kitafutie mtu atakayekitunza. Na ukikuta 386 yenye Sigma mbili, tafadhali usimwonyeshe shemeji yako wala mama mkwe wako. Njoo Kisesa, uliza nyumba ya Mama Kulwa wa mayai. Kila mtu anaijua.